Jinsi ya kumwongoza mgeni aliyekuja kutafuta pori lisilo na mtu

Nawaandikia vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni mzunguko wa kaskazini, hasa wale ambao ofisi zao zinapokea Wamarekani wengi. Chuoni mnafundishwa ndege, nyayo, huduma ya kwanza na namna ya kulitoa gari kwenye tope la Ndutu, na mnafika kazini mkiwa tayari kwa hayo yote. Kisha siku moja, gari limesimama kwenye tambarare ukishavuka Naabi, lango la Serengeti, paa limeinuliwa, mgeni anashusha darubini, ananyamaza kwa muda mrefu, halafu anasema: “Hivi ndivyo dunia ilivyokuwa kabla ya binadamu.”

Utajibu nini?

Mimi ni Mwikoma wa Robanda, kijiji kilicho magharibi mwa hifadhi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa mahali ambapo leo pako ndani ya mipaka ya Serengeti. Maneno yale yanamfuta yeye, yananifuta na mimi niliyeshika usukani. Hata hivyo anayeyasema huwa hana dharau moyoni. Mara nyingi ana machozi. Amedunduliza miaka mingi ili afike hapa, na anachokiona kimemgusa sana. Kazi yetu, kwa maoni yangu, ni kulinda mambo mawili kwa pamoja: ile hamu yake, na ukweli wa mahali. Ukilinda hamu peke yake unakuwa muuza ndoto. Ukishika ukweli peke yake, ukamkatiza na kumsahihisha mbele ya mkewe, mtarudi kambini hamsemeshani na hatakusikia tena hata ukimwonyesha chui. Kuna njia ya kuyashika yote mawili, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Ijue kwanza hamu hiyo ilikotoka

Mwaka 1890 sensa ya Marekani ilitangaza kwamba ule mstari wa makazi ya walowezi, uliokuwa ukisogea kuelekea magharibi kizazi baada ya kizazi, hauonekani tena kwenye ramani. Julai 1893, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama Chicago, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika pale, akasoma hoja ambayo watoto wa shule wa nchi ile walikuja kuimeza kwa vizazi. Alisema Mmarekani hakufinyangwa na Ulaya, alifinyangwa na ukingo wa pori. Kila walowezi walipofika ukingoni, mazoea ya Ulaya yaliwatoka, wakajifunza kujitegemea, kutopiga magoti mbele ya bwana yeyote, na kuendesha mambo yao wenyewe. Hebu fikiri uzito wake. Taifa zima linaambiwa kwamba tabia yake imezaliwa porini, katika miaka ileile linapoambiwa kwamba pori limekwisha. Watu wa namna hiyo lazima watalitafuta mahali pengine.

Hoja ile iliwaacha watu wengi nje. Pori lile lilikuwa na wenyewe. Mwaka 1851, kabla Yosemite haijawa hifadhi ya mtu yeyote, kikosi cha wanamgambo kiliingia bondeni kuwafukuza Waahwahneechee waliokuwa wakiishi humo. Yellowstone ilipotangazwa mwaka 1872 kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini mwao, Watukudika, tawi la Washoshone, walikuwa wakiwinda kondoo wa milimani humo humo. Baadaye waliondolewa, na wageni wakaambiwa kwamba wenyeji hawakuwahi kukaa pale kwa sababu waliogopa chemchemi zinazorusha maji moto. Baisani, wale nyati wao wenye nundu, walikuwa mamilioni, wakauawa hadi kubaki mia kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1880. Na hata mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya kulinda mapori yao, pori lilielezwa mle kuwa ni mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyebaki.

Ukiyajua hayo, yale maneno ya kwenye tambarare hayatakushtua. Mgeni wako amefundishwa tangu utotoni kwamba pori la kweli halina mtu, na kwamba akisimama mbele yake atakutana na nafsi yake halisi. Hajui kama amefundishwa. Anadhani ameona.

Halafu kuna Theodore Roosevelt, na huyu ni lazima umjue vizuri, kwa sababu ndiye aliyeivusha bahari hamu hiyo ikafika kwetu. Alizaliwa New York mwaka 1858, mtoto wa watu wenye nacho, mgonjwa wa pumu. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe walikufa siku moja. Aliyekuwa mwanasiasa kijana alikwenda kuzika huzuni yake kwenye ranchi huko Dakota, akachunga ng'ombe, akawinda, na baadaye akasema asingeweza kuwa rais bila maisha yale. Mwaka 1909 alimaliza urais, na Aprili mwaka huohuo akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Akapanda treni ya Uganda, akakaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni, akitazama wanyama huku na huku, na akaandika kwamba reli ile ilikuwa inapita katika enzi za kale kabla ya historia. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, na msafara mzima ukakusanya vielelezo zaidi ya 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian.

Nani aliyebeba? Wapagazi kwa mamia, wapishi, askari, wabeba bunduki, wengi wao wakisemezana kwa Kiswahili. Enzi za kale kabla ya historia zilikuwa na wapagazi wanaolipwa mshahara. Jambo hili mgeni akilisikia kwa upole hulikumbuka, kwa sababu anamjua Roosevelt tayari. Usiseme Roosevelt alifika Serengeti, kama nilivyosikia baadhi ya wenzetu wakisema ili kumfurahisha mgeni. Hakufika. Alipita Kenya, Uganda, Kongo na Sudan. Huku kwetu kulikuwa na Wajerumani.

Jioni ya kwanza, uliza

Usianze kueleza chochote usiku wa kwanza Arusha. Watu wamechoka na ndege. Wakaribishe, hakikisha wana maji, waambie saa ya kuondoka, kisha uliza maswali mawili. La kwanza: umekulia wapi, na wazee wako walifanya kazi gani? La pili: ulipokuwa nyumbani ukafumba macho kuiwaza safari hii, uliona nini?

Majibu ya swali la pili yanafanana ajabu. Tambarare, mti mmoja, jua linazama, na hakuna mtu. Jibu la swali la kwanza ndilo lenye hazina. Nimewahi kuwa na mwalimu mstaafu, mama wa Montana, ambaye babu yake alipewa ekari 160 chini ya ile sheria ya mwaka 1862 iliyowagawia walowezi ardhi. Alijua jina la kila farasi wa babu yake. Nikamwandika hivyo kwenye daftari: “Babu, ekari 160, farasi.” Sikusema zaidi. Siku tano baadaye, tukiwa kwenye miamba ya Moru, ndani ya Serengeti, mstari huo ulifanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote ambayo ningeweza kuyatoa.

Daftari ni lazima. Simu inaonekana kama unachati wakati mgeni anaongea.

Panga njia ili watu watangulie wanyama

Wengi wetu tunakimbiza gari kutoka Arusha hadi Karatu kana kwamba hakuna kitu katikati. Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, mgeni amelala. Mimi nafanya kinyume. Saa zile ndizo za kuongea, kwa sababu hakuna simba wa kukukatiza. Mto wa Mbu nasimama sokoni, si kwa ajili ya vinyago, bali kwa ajili ya ndizi na mpunga, ili macho yao yaanze na mashamba na mifereji. Kama ratiba ina siku ya ziada na ofisi imekubali, nawapitisha Engaruka, chini ya ukuta uleule wa Bonde, upande wa kaskazini. Kuna mifereji ya kumwagilia na matuta ya mawe yaliyoenea kwenye maelfu ya ekari, kazi ya wakulima waliokaa pale kuanzia kama karne ya 15 hadi ya 18, wakaondoka. Wape muda watembee juu ya mawe yale kwenye jua. Mtu aliyekanyaga shamba la miaka mia tano hawezi tena kusema kirahisi kwamba nchi hii ilikuwa inasubiri kugunduliwa.

Ukishapita geti la Loduare na kupanda hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, nyamaza. Hapo wape ukimya wao wote. Kreta ina upana wa kama kilomita 19 na ukuta wa mita 600, na hata mimi niliyeiona mara nyingi bado inanishika. Zima injini. Usitaje takwimu mpaka mtu aulize. Nasisitiza hili kwa sababu vijana mnaojua mengi mna haraka ya kuyatoa, na mgeni aliyenyimwa ukimya pale juu anahisi ameibiwa. Kushangaa kwake si uongo. Uongo uko kwenye maelezo aliyopewa kuhusu kile anachokishangaa, na hayo utayafikia.

Mbele kidogo, ukingoni hapohapo, kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani kijana aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard. Maandishi kwenye jiwe yanasema alitoa vyote alivyokuwa navyo kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, pamoja na uhai wake. Simama hapo, na hapo ndipo uanze kuongea kuhusu mwaka 1959.

Mwaka ule mmoja una kila kitu. Januari, Michael anakufa. Katika mwaka huohuo Serengeti, iliyokuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, inakatwa: upande wa Ngorongoro unakuwa eneo la hifadhi ambamo Wamasai wanaruhusiwa kuishi na mifugo yao, na upande wa Serengeti wanatakiwa kuhama wote, kufuatia karatasi ambayo wazee 12 walikuwa wameitia saini mwaka uliotangulia. Na tarehe 17 Julai, korongoni Oldupai, Mary Leakey anaona meno yakichomoza kwenye udongo: fuvu la Zinjanthropus, la miaka kama 1,750,000. Ziangalie tarehe hizo kwa pamoja. Mwaka ambao dunia ilipewa ushahidi kwamba viumbe wa ukoo wetu wamekuwa hapa karibu miaka milioni mbili ndio mwaka ambao tambarare hiihii ilitolewa watu ili ionekane haijawahi kuwa nao.

Mimi husema hivyo polepole, mara moja, halafu nawasha gari. Safari ya kushuka kuelekea Oldupai inatosha kwa mgeni kulitafuna. Kwenye jumba la makumbusho la korongoni waonyeshe mfano wa nyayo za Laetoli, zile za miaka milioni 3.6 zilizofukuliwa mwaka 1978: viumbe wawili watatu walitembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, wakaacha nyayo zinazoweza kuwa za mtoto wako pwani ya Bagamoyo. Wageni wengi hukaa kimya mbele ya nyayo hizo kuliko walivyokaa mbele ya kreta. Ukimya wao wa pili ndio unaoutaka.

Kuhusu kreta, jambo moja la kuongeza ukishuka chini: kabla ya Vita vya Kwanza kulikuwa na ndugu wawili Wajerumani, akina Siedentopf, waliofuga ng'ombe ndani humo, na mabaki ya nyumba yao yapo mpaka leo karibu na mto Munge. Wamasai nao walikuwa na maboma humo hadi walipohamishwa mwaka 1974. Mgeni wa Montana atawaelewa akina Siedentopf mara moja. Ni watu wa kwao, waliokuja ukingoni na ng'ombe na ndoto.

Nyumbu

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na ndipo palipo na hadithi nzuri kuliko zote.

Mgeni akiona nyumbu wametanda mpaka upeo wa macho anasema: “Wamekuwa wakifanya hivi milele.” Wewe unaitikia kwa kichwa kwa sababu ndivyo matangazo yanavyosema. Usiitikie. Mapema miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama laki mbili na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa milioni moja na laki tatu au zaidi. Kilichotokea katikati ni chanjo, na waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi.

Ugonjwa wenyewe ni sotoka. Uliingia upande huu wa Afrika mwishoni mwa karne ya 19 na kufagia ng'ombe na nyumbu pamoja. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamasai wanakufa njaa, watoto mifupa mitupu, kwa sababu mifugo imekwisha. Watu walipopungua na mifugo ikaisha, vichaka vikarudi, mbung'o wakaenea. Wazungu waliofuata baadaye wakaona nchi tupu, wakadhani imekuwa hivyo tangu kuumbwa. Walikuwa wanatazama matanga, wakaona bustani. Sotoka iliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka mpaka ng'ombe walipochanjwa kwa wingi, na nyumbu nao wakapona, kwa kuwa ugonjwa haukuwa na mahali pa kujificha. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa.

Kwa hiyo ile bahari ya nyumbu anayoipiga picha, sehemu kubwa imewezekana kwa mkono wa mchanjaji na kwa ng'ombe aliyefungwa kamba bomani. Mwambie hivyo huku nyumbu wanalia pande zote. Subiri. Sijawahi kumwona mgeni aliyepoteza furaha kwa kusikia habari hii. Wanaanza kuuliza maswali tofauti: nani alichanja, ng'ombe wa nani, je, bado wanachanja?

Kwa lugha ya kuanzia, swali hufanya kazi kuliko sahihisho. Badala ya “hapana, si hivyo”, jaribu: “Unadhani walikuwa wangapi mwaka uliozaliwa?” Wageni wengi wanaokuja hapa wamezaliwa kabla ya 1965. Hesabu inawagusa wenyewe.

Moru, na zamu yako

Mpeleke Moru asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwenye mwamba mmoja kuna michoro ya morani, ngao nyekundu, nyeupe na nyeusi. Karibu yake kuna jiwe kubwa lenye vishimo ambalo ukiligonga kwa kokoto linalia sauti ya chuma. Mwache mgeni aligonge mwenyewe. Mkono wake ukishaingia kwenye kishimo kilichochimbwa na mikono mingine, umemaliza nusu ya kazi bila kusema neno.

Nusu ya pili ni kumwambia wewe ni nani. Hii ndiyo hatua ambayo vijana mnairuka kwa aibu, mkidhani mgeni amelipia kusikia habari za wanyama tu. Mimi namwambia kwamba sisi Waikoma tuna Machaba, pembe za tembo zinazotunzwa kwa heshima kubwa, na simulizi inasema asili yake ni kwa mtabiri wa Kitatoga. Tunajijua kwa pembe hizo. Namwambia kwamba babu zangu waliwinda nyumbu, wakauza mikia ya nyumbu kwa Wasukuma, na mwaka wa njaa pori ndilo lililotulisha. Namwambia pori limetufanya sisi pia, kama yeye anavyosema limewafanya watu wake, ila letu lilikuwa na njia za miguu, visima vyenye majina na makaburi.

Yule mama wa Montana alinisikiliza akiwa ameketi juu ya mwamba. Nikafungua daftari, nikamuuliza: “Mama, zile ekari 160 za babu yako, kabla yake nani aliyekuwa akiwinda pale?” Akafikiri. Akasema Wablackfeet, nadhani. Akasema kwamba shambani walikuwa wakiokota vichwa vya mishale wakiwa watoto, wakaviweka kwenye kopo la kahawa, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza ni vya nani. Tukakaa. Kisha akaanza kunihadithia habari za nyumbani kwao, muda mrefu, na mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.

Usimuulize hivyo mtu ambaye hujamjenga siku kadhaa. Siku ya kwanza swali hilo ni shambulio. Siku ya tano, baada ya Engaruka na Oldupai, ni mazungumzo ya watu wazima wawili.

Bomani

Ukimpeleka mgeni kwenye boma la Wamasai, kosa linalofanyika sana ni kuwaonyesha wenyeji kama mabaki ya zamani. Mtambulishe mwenyeji kwa jina lake na kazi yake. Kama ni mwenyekiti wa kitongoji, sema. Kama binti yake anasoma chuo, sema, akikubali. Akipokea simu katikati ya maelezo, usimwombe aifiche. Bei ijulikane kabla hamjashuka garini, na alipwe anayestahili mbele ya macho yako.

Mgeni atauliza kuhusu kuhamishwa. Siku hizi wanauliza karibu wote, wameshasoma. Jibu kwa ukamilifu. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni. Inasema kuhama ni hiari na kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa eneo. Wakazi wengi na watetezi wao wanasema huduma zimebanwa ili wakate tamaa na kuondoka. Sema pande zote mbili, kila upande kwa maneno ambayo wenyewe wangeyakubali. Akitaka maoni yako, ni hiari yako. Mimi nikiulizwa nasema kwamba watu walioishi na wanyama hawa mpaka wanyama wakawepo wa kuhifadhiwa wanastahili kuwa wa kwanza kuulizwa, na nasema hivyo nikijua wengine ofisini hawapendi.

Usimgeuze Mmasai kuwa kauboi wala mtakatifu. Ana mambo yake, ana ugomvi na shemeji, anataka bei nzuri mnadani.

Wageni ambao ndoto yao ni tofauti

Wamarekani weusi mara nyingi hawaji na ile picha ya mti mmoja na jua. Wengi wameniambia kwamba hifadhi za kwao hawajawahi kujisikia ni zao, na filamu za kauboi hazikuwa na watu wanaofanana nao, ingawa wanahistoria wanakadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Kwao nina habari moja ninayoipenda. Hifadhi za Yosemite na Sequoia, mwanzoni mwa karne ya 20, zililindwa na askari weusi wa jeshi la Marekani waliopanda farasi, na mwaka 1903 Kapteni Charles Young, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, ndiye aliyekuwa msimamizi wa Sequoia. Wahadithie mkiwa mmesimama na askari wetu wa hifadhi, kisha watambulishe. Acha waongee wenyewe.

Wapenzi wa filamu za zamani watakuuliza kuhusu John Wayne, ambaye alikuja Tanganyika kuigiza akikamata vifaru na twiga kwa kamba juu ya gari, karibu na Momela, katika filamu iliyotoka 1962. Ilikuwa ranchi ya Texas iliyohamishiwa chini ya Mlima Meru. Jibu kwa kifupi, waonyeshe mahali, endelea.

Kundi la mwisho nililo na haja nalo ni la kwetu: wanafunzi wa Mugumu, Karatu au Bariadi wanaoletwa na shule zao kwa basi. Hawa wamepandikizwa picha ileile kwa mlango mwingine. Wengi wanaamini hifadhi ni mahali pa Wazungu na wanyama, na kwamba watu wao walikuwa majangili tu. Usiwape ziara uliyoipanga kwa ajili ya mgeni wa Montana. Waulize, kabla basi halijaondoka getini, nani ana bibi au babu anayetaja jina la mlima, kisima au mto ulio ndani ya hifadhi. Mikono itainuka, kwanza miwili, kisha mingi. Mwombe kila mmoja ataje jina na kilichokuwa kikifanyika pale: kuchota chumvi, kutambika, kuwinda, kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Yaandike yote kwenye daftari lako, pamoja na kijiji lilikotoka jina. Mnapopita mahali penyewe, mwite mtoto aliyelitaja asimame mbele ya basi aeleze yeye. Na wiki inayofuata, ukipita hapo na wageni wako wa Marekani, simamisha gari na ulitaje jina hilo, kama lilivyo.